Ng'ombe wa Mahari na Mtambo wa Maji

Sogeeni karibu, na mwenye kutaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana nikimaliza nitauliza swali, na jibu la "sijui" silipokei.

Zilikuwapo nchi tatu ndogo za visiwani, jirani kwa jirani: Kitowe, Tumbwe na Mwasha. Ndogo kweli, ukipiga chafya Kitowe, watu wa Tumbwe wanakuombea rehema. Zote zilikuwa na shida moja. Bahari ilipanda ikaingia visimani, hata chai ikawa ya chumvi.

Kila nchi ilikuwa na mtu wake mwenye kipaji. Machano wa Kitowe alilijua tumbo la ng'ombe kuliko ng'ombe mwenyewe. Time wa Tumbwe alikuwa mkulima wa mpunga. Akichovya kidole katika tope la jaruba, anakwambia lina kiu au limeshiba. Na Mkasi wa Mwasha, nchi isiyo na mpunga wala ng'ombe zaidi ya saba, alilima mwani na kuitambua kila aina yake kwa ladha.

Ikaja ahadi kutoka shirika la mbali: nchi hizi zikipunguza kwa theluthi zile gesi za kilimo zinazoipasha dunia joto, zitaletewa mtambo wa kutoa chumvi katika maji ya bahari. Mtambo mmoja tu, na utasimikwa katika nchi iliyostahili zaidi. Mpimaji akachaguliwa Bi Miza, mzaliwa wa Tumbwe, aliyeolewa Kitowe, na mama yake mtu wa Mwasha. Kila nchi ilimwona wa kwao, ikaridhika.

Kazi ikaanza. Mkasi akagundua mwani mwekundu ambao ng'ombe akiula, mbweu zake hupungua. Msicheke; gesi nyingi ya ng'ombe hutokea mdomoni. Bila mwani ule hakuna ambacho kingeanza.

Lakini ng'ombe wa Kitowe waliunusa wakageuza vichwa. Machano akauosha, akauanika, akausaga, akashinda zizini wiki nzima akijaribu vipimo, mpaka wakaula na kuramba hori. Bila yeye mwani ungeozea maguniani.

Na waliukubali kwa sababu ulichanganywa na pumba za mpunga za Time. Naye alikuwa na vita vyake kwao, maana jaruba lililofunikwa maji msimu mzima hutoa gesi ile ile. Akawaomba wenzake wayaachie maji yatoke siku chache, kisha wayarudishe. Walimwita mwendawazimu. Walipovuna sawa na zamani, wakaenda kumwomba radhi.

Baada ya miaka mitatu Bi Miza akajumlisha: theluthi imetimia na ushei. Alilia kwa furaha, na hakuona haya.

Furaha ikaingia doa alipoanza kulinganisha nchi moja moja. Ng'ombe mia mbili walikuwa wamehesabiwa mara mbili. Kijana wa Kitowe akioa Tumbwe hutoa mahari ya ng'ombe, lakini Tumbwe hakuna malisho, kwa hiyo ng'ombe hubaki Kitowe na maziwa huvushwa. Kitowe waliwahesabu kwa kuwa wanakula nyasi zao. Tumbwe waliwahesabu kwa kuwa ni mali yao. Hata wale watatu wa mahari ya Bi Miza mwenyewe walikuwamo. Alisahihisha, na theluthi haikuvunjika. Lakini akiwaweka Kitowe, Kitowe inaongoza kwa kupunguza. Akiwaweka Tumbwe, inaongoza Tumbwe.

Meli yenye mtambo ikafika Ijumaa asubuhi. Nahodha alisema saa saba mchana anang'oa nanga, jina la nchi liwe limeandikwa na Bi Miza kwenye karatasi ya mapokezi au halijaandikwa. Wale watatu wakamjia Bi Miza gatini.

"Shemeji," alisema Machano, "mbweu zinatokea Kitowe, na anayewalisha ng'ombe hao ni mimi. Wenzetu wanapokea maziwa tu."

"Dada," alisema Time, "ng'ombe akifa hasara ni ya nani? Ni yetu. Pumba ni zetu, na majaruba tumeyakausha kwa kutukanwa."

Mkasi alisubiri wamalize. "Mama mdogo, sisi hatukupunguza kikubwa kwa sababu hatukuwa na kikubwa. Igawe gesi kwa vichwa vya watu, uone nani anatoa kidogo kuliko wote. Tunyimwe maji kwa kuwa tulikuwa wasafi tangu mwanzo?"

Bi Miza aliwatazama, akaona kila mmoja ana haki yake, na moyo ukamuuma. "Na nisipoandika?"

"Mtambo unaondoka," alijibu nahodha kutoka juu ya meli.

Kisha Time akasema polepole, "Basi andika, dada. Hata ukiwaandika hawa wenzetu, mtambo uteremke."

"Uteremke," alisema Machano. "Maji yakiwa Tumbwe au Mwasha, si bado ni jirani?"

"Tutakuja na madumu," alisema Mkasi, na kwa mara ya kwanza siku ile wakacheka wote.

Bi Miza hakucheka. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Kwa wema huu hakujiandaa. Karatasi ilikuwa na nafasi ya jina moja, na saa ilikuwa saba kasoro robo.

Haya, chukueni kalamu yake. Wewe ungeandika nchi gani, na zile mbili zilizobaki ungezitazama usoni na kuziambia nini?