Kamba ya Fuko na Chai ya Saa Nne

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye kigoda akae, mwenye mkeka akae, na aliyefuata harufu ya chungu naye akae. Hadithi haimfukuzi mtu.

Hapo kale palikuwa na Fuko, injinia wa madaraja. Macho yake yalikuwa ya kubahatisha, lakini masikio, we acha tu, alisikia hadi tumbo la mwenzake likilalamika. Mama yake aliishi ng'ambo ya mto, na Fuko hajui kuogelea. Tangu mafuriko yalipolizoa daraja la zamani, hawajaonana. Basi akakusanya mafundi ishirini wajenge jipya kabla ya masika.

Kazini kuna desturi: saa nne watu hukaa chini, hunywa chai, hula mihogo, hutaniana. Mpishi alikuwa Mama Kanga. Lakini chai ikiiva tu, Kiboko mbeba magogo huyo: ti! ti! ti! Anainua sufuria, na mihogo anaisomba. Gubu, gubu, gubu. Kwisha.

Jumatatu hivyo. Jumanne hivyo. Jumatano Nyani, mkuu wa mafundi, akamwendea Fuko.

"Injinia, tukikosa tena kesho, hatuji tena. Tumbo tupu halikazi kamba."

"Mmemwambia Kiboko?"

"Nani amwambie? Bosi ni wewe."

Fuko akasikia matumbo ishirini: ngrrr, ngrrr. Akamkumbuka mama yake, roho ikamuuma. Kumfukuza Kiboko hawezi, magogo atabeba nani? Na kumgombeza mtu mwenye mdomo kama mlango wa stoo, aliona si busara.

Kesho yake, saa nne kasorobo, akamwita.

"Kaka Kiboko, daraja lazima lipimwe kila siku kwa mtu mzito, mwenye heshima zake. Nimetafuta wee, nimekuona wewe tu."

Kiboko akavimba kichwa. "Sasa ndiyo unasema. Nifanye nini?"

"Simama pale tulipokwisha kujenga, utazame ng'ambo. Usitikisike, usigeuze shingo, mpaka nimalize mafundo ya kamba yangu ya vipimo. Ukitikisika, tunaanza upya."

Kiboko akasimama. Nyuma yake vikombe: kli, kli, kli. Harufu ya mihogo ikamfikia.

"Fuko, bado?"

"Bado, kaka. Fundo la tisa."

"Fuko, bado?"

"Bado, kaka. La kumi na nne."

Lilipofungwa la ishirini, Fuko akasema, "Shuka. Kipimo safi." Na pale jikoni Kiboko akakuta sehemu yake, kubwa kuliko ya yeyote, imefunikwa sahani.

Kila siku hivyo, mpaka daraja likakamilika. Siku ya kulizindua Kiboko akatangaza, "Bila uzito wangu, hili lisingesimama." Wakampigia makofi, maana walishampenda.

"Lakini injinia," akauliza, "kamba inasemaje? Nina uzito gani?"

Fuko akapapasa mafundo. "Hata sijui, kaka. Kila fundo ni fundi mmoja aliyekwisha kula."

 Kiboko akaichukua kamba ile, na kwa midomo yake minene akafunga fundo la ishirini na moja.

"Na mimi nilikula," akasema. "Haya, panda mgongoni, nikupeleke kwa mama."

Funzo lake, wanangu: injinia ashike kamba na vipimo vyake. Habari za nani amekula na nani hajala hazimhusu kabisa.

Hadithi yangu imevuka, imefika. Aliyebaki ng'ambo ya huku amwombe Kiboko mgongo.