Tope Chini ya Kichwa cha Mkasi

Paukwa!

Pakawa!

Wakubwa mbona mmenyamaza? Hadithi hii ni yenu pia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Kazi yangu mnaijua. Kutwa nzima nimeinamia darubini, nawatazama askari wadogo wa damu, zile chembe nyeupe, wanavyoitana na wanavyokufa. Leo nawaletea askari wa udongoni.

Hapo zamani za kale palikuwa na kichuguu. Kichuguu kikubwa, vyumba juu ya vyumba, watoto tele. Humo aliishi mchwa askari, jina lake Mkasi, kwa sababu ya taya zake. Taya zilikuwa kubwa mno, hata kula mwenyewe hawezi. Mdogo wake Masika, mlezi wa watoto, ndiye aliyemlisha mdomoni. Anamlisha kaka, anawalisha watoto. Anamlisha kaka, anawalisha watoto.

Kichuguu kilikuwa na desturi. Mchwa akiingiwa na ukungu, kama ule unaoota kwenye mkate uliosahaulika, hugonga sakafu kwa kichwa. Ko! Ko! Ko! Maana yake: nimeambukizwa, njooni mnizibe. Wenzake huja na tope, humuaga mlangoni, huziba chumba. Yeye hufa mle ndani, na ukungu hufa naye. Desturi chungu, lakini watoto walikua.

Siku moja siafu wakavamia. Mkasi akapigana, kacha! kacha! akawafukuza. Akarudi na jeraha, na kwenye jeraha kidoa cheupe. Akakiona. Akainama. Ko! Ko!

"Kaka, unafanya nini?" Masika akauliza.

"Nawaita wenzetu."

"Kwa kidoa hiki? Nitakilamba, kitaisha."

"Hakiishi, Masika. Unajua hakiishi."

"Nina kaka mmoja tu."

Mkasi akagonga tena. Masika akachota tope laini, akalibandika chini ya kichwa chake. Ko ikawa pu. Pu. Pu. Sauti haifiki hata chumba cha pili.

"Ondoa tope, mdogo wangu. Niache niseme."

"Pumzika, kaka."

Majirani wakapita. "Masika, kaka hajambo?"

"Hajambo. Amechoka tu."

Msimcheke. Nani kati yetu asingechota tope?

Basi akamlamba kaka, akaenda kuwalisha watoto. Akamlamba kaka, akaenda kuwalisha watoto. Mkasi anagonga. Pu. Pu. Mpaka siku moja akanyamaza. Amekufa, na aliyemsikia ni yule mmoja asiyetaka kusikia. Hilo huniuma kuliko kifo chenyewe.

Kisha watoto wakaanza. Mmoja, ko. Mwingine, ko. Kichwa cha mtoto hakina mlio mkubwa, lakini vilikuwa vingi. Ko ko ko ko ko, mpaka waziba vyumba hawakujua waanzie wapi.

Fundi mkuu wa tope akamjia Masika. "Kaka yako hakugonga?"

"Aligonga."

"Mbona hatukumsikia?"

Masika akamwonyesha tope, lina shimo pale kichwa kilipokuwa kikigonga. Fundi hakumpiga, wala hakumtukana. Akampa donge la tope bichi. "Chumba cha wale wadogo kabisa, kazibe wewe. Wanakujua wewe."

Masika akaenda. Akasimama mlangoni na tope kinywani. Watoto wakadhani mlezi wao amewaletea chakula. Wakaacha kugonga, wakafunua vinywa, wakangoja.

Akaziba.

Sasa sikieni, wakubwa kwa wadogo. Askari wa damu yako naye, akishaambukizwa, huwaita wenzake, kisha hufa ili wewe uamke mzima. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamuumbua. Umpendaye akisema anaumwa, msikilize, ita wengine wasikie. Ukimnyamazisha kwa mapenzi, yeye hutamwokoa, na wengine utawapoteza.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye mlango uliozibwa. Mwenye mtoto amkumbatie.