Nyama ya Palipoingia Risasi

Wapendwa, kulikuwa na mwindaji mmoja. Msigeukiane kutafuta ni nani, nitazameni mimi.

Mwindaji huyu alikuwa na gobori, na risasi zake aliziyeyusha mwenyewe jikoni. Akileta swala, ile nyama laini ya palipoingia risasi haigusi mtu mwingine: ni ya binti yake wa mwisho, kipenzi chake. Matumbo anayatupa kichakani.

Jirani yake alikuwa mjane mwenye macho ya kuona kila kitu. Mnawajua, wengine mmekaa nao benchi moja. Akamwambia, "Shemeji, tumbusi wanaokula yale matumbo wanaanguka hovyo. Wenzako wameziacha risasi hizi, wanatumia za shaba. Na wewe achana nazo."

"Wamevimbiwa hao tumbusi! Babu yangu kawindia hizi hizi, kafa mzee. Risasi yangu inaua ninayemlenga tu."

Jamani, si ndivyo tunavyojibu?

Mtoto akaanza kunyong'onyea. Tumbo linamsokota, aliyofundishwa asubuhi jioni hayajui. Mama yake akampeleka hospitali, akapiga simu nyumbani analia: "Daktari anasema damu ya mtoto ina risasi!"

Risasi, na tundu hana? Mwindaji hakungoja kuuliza. Basi imerushwa kichawi! Akamfuata mjane kisimani, akaipiga teke ndoo yake mbele za watu.

"Mchawi wewe! Ulianza na tumbusi, sasa umekuja kwa mwanangu!"

Watu wakaguna. Wengine, eti, walishajua zamani.

Wakiwa bado wanamzonga, mke akatokea, mtoto mgongoni. "Baba watoto, acha! Daktari anauliza, zile unazowindia unazitengeneza kwa madini gani?"

"Kwa risasi!" akafoka.

Kisha akajisikia alichosema.

Mwindaji akainamisha kichwa, asijue aanze kumwomba radhi nani. Na yule mtoto, kwa sauti ya usingizi, akauliza, "Baba, nyama yangu umeniwekea?"

Wapendwa, nani kati yetu angemjibu? Sisi ndio tunaotafuta mchawi kwa jirani, huku sumu tumeipakua wenyewe, kwa mapenzi, tena tukiwa tumeshaonywa. Hatukukosa wa kutuambia. Tulimdharau aliyetuambia. Sasa msifumbe macho kama mnaosali. Yupo mtu tuliyemwaibisha, na kwa wengine wetu yumo humu humu ndani. Inukeni mkamwambie, "Ulisema kweli." Mimi nasubiri.