Bunduki ya Mzee Mduda na Kibao Chake

Hapo zamani, si zile za sungura kuvaa suruali, bali zamani hizi za karibu ambazo watu wake nimewapikia ugali, palikuwa na kijiji kinaitwa Kinyamvi. Kinyamvi walilima mahindi, nguruwe pori wakala. Mwaka wa pili wakalima, nguruwe wakala. Mwaka wa tatu nguruwe wakaja na watoto wao.

Bunduki kijijini ilikuwa moja tu, ya mzee Mduda. Ya mitutu miwili, ya kizamani, ina nakshi za majani ubavuni. Mzee kila akirudi kutoka kuwinda aliifungua vipande vitatu. Mitutu na kitako aliviweka darini. Kipande cha tatu, kibao kidogo kinachokaa chini ya mitutu na kuifanya ishikane na kitako, alimpa binti yake Semduda akifiche, ili mwizi akija aondoke na vyuma visivyofaa. Mwanawe Faustino hakumwambia. Alimjua.

Mzee akafa. Miaka tisa Semduda alipanda darini kila Jumamosi, akaipaka mitutu mafuta ya nyonyo, akaifuta, akashuka. Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyemwambia asante.

Siku moja Faustino alishikwa na kiu ya pombe, akateremsha vyuma. Akaviunga, havikushikana. "Hii imekufa," akasema, akamuuzia Lukelo kwa mbuzi mmoja.

Huyu Lukelo mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Viwili viliondoka na gobore lililompasukia akifukuza nguruwe. Na mbuzi yule ndiye aliyekuwa wa mwisho zizini.

Mkewe akamwambia, "Baba Tula, umeuza maziwa ya watoto ukanunua mchi?"

"Nguruwe wakimaliza mahindi, hayo maziwa watayanywa na nini?" Akabeba vyuma vyake, akatembea siku mbili mpaka kwa Mzee Chaula, fundi wa bunduki.

Chaula alivipokea vyuma. Aliitundika mitutu kwa kamba, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Ikalia kama kengele ya kanisa, maana yake haina ufa. Akaielekeza angani, akachungulia. Ndani kulikuwa safi kama kikombe cha mgeni. Akageuza, akasoma, akageuza tena.

Lukelo akachoka kusubiri. "Kama haifai, mzee, nipe jembe uichukue. Nisirudi mikono mitupu."

Hapo fundi angenyamaza tu, angeipata kwa jembe. Hakunyamaza.

"Kijana, weka jembe lako pembeni. Hii ikikamilika ni ng'ombe wanane. Unaiona namba hii? Imepigwa kwenye mitutu, imepigwa kwenye kitako, na kibao chake kinayo. Nikikuchongea kibao kingine, bunduki nzima bei yake ni ya kuku, na huenda ukapoteza vidole vilivyobaki. Nani aliisafisha hii?"

"Sijui."

"Basi anayejua kuisafisha anajua kibao kilipo. Twende."

Springi za mtambo wa kufyatulia zilikuwa zimekatika, akatia zake, hakudai hata senti. Akafunga karakana. Wakatembea siku mbili.

Semduda Jumamosi ile alikuwa amekuta dari tupu, na kaka yake alikuwa amesikia maneno ambayo siyaandiki hapa. Alipowaona wageni akaingia ndani, akatoka na kibao kimefungwa kwenye kaniki. Chaula akasoma namba. Ndiyo ile ile. Akakibana, ikasema ta.

Jioni ile ile Lukelo akaishika, akapiga mara mbili, nguruwe wawili wakalala.

Sasa sikilizeni ugomvi. Mkuu wa wilaya alisema atatoa kibali kimoja, kwa jina moja, na bunduki italala nyumba ya mwenye jina. Baraza likaketi.

Faustino akawa wa kwanza kusimama. "Mrithi ni mimi."

"Kaka, keti," Semduda akasema. "Wewe umeshakunywa sehemu yako."

Watu wakacheka, akaketi. Huyo mtoeni hesabuni.

Lukelo akasema, "Niliinunua mchana, mbele ya watu, kwa mbuzi wangu wa mwisho. Wote mliiona ni mchi tu. Ningepata hasara, nani angenipa pole? Na nguruwe wamelala kwa mkono huu."

Semduda akasema, "Mkono wako ulishika kilichohifadhiwa na mkono wangu. Miaka tisa. Nisingepaka mafuta, ungenunua kutu. Na kibao sijamuuzia mtu. Ulinunua vipande viwili, shemeji, cha tatu hukukinunua."

Chaula akasema, "Wewe ulikuwa tayari kuitoa kwa jembe. Wewe mama ulikuwa na kijiti kwenye kaniki. Niliyewaambia mna nini ni mimi, na ukweli ule umenigharimu ng'ombe wanane. Springi ni zangu. Nipeni jina hilo, nami nitahamia hapa niwalindie mashamba."

"Ukihama tena je?" akauliza Semduda.

"Na wewe ukiolewa mbali je?"

Semduda akamwangalia. "Miaka tisa sikuolewa mbali. Nitaolewa leo kwa sababu umeuliza?"

Mwenyekiti akajikuna kichwa mpaka jua likageuka, kisha akasema yeye ana mgonjwa nyumbani.

Mimi mgonjwa sina, nimeketi. Msiniambie waiuze wagawane ng'ombe, mahindi yanabeba na ng'ombe hawapigi nguruwe. Msiniambie kila mtu achukue kipande chake, kipande kimoja kimoja hata panya hakimtishi. Jina ni moja. Aliyeitunza bila kutumwa, aliyeinunua bila kuijua, au aliyeijua asiibe: je, bunduki ilale kwa nani?