Mavi ya Moto

Alfajiri Mbelwa, mfuata nyayo, alifumwa na bosi wake kichakani, kachuchumaa na sufuria ya maji.

"Tumbo, bosi!"

Bwana Lukosi akageuka akicheka. Kibali chake cha kuwinda tembo dume kilikuwa cha siku tatu, na hiyo ndiyo ya mwisho.

"Dume amebaki mmoja," Mbelwa alisihi tena wakinywa chai. "Majike watazaa na nani?"

"Kwani wewe mkunga? Tafuta!"

Kama jana na juzi, wakakuta mavi ya tembo njiani. Mbelwa akatia mkono. "Ya moto! Kaelekea magharibi!"

Lukosi akatimua mbio na kitambi chake. Jua likazama, kibali kikaisha.

"Mavi ya moto, tembo hakuna?"

"Yuko mashariki, bosi. Mavi ni ya wiki jana, nilikuwa nayapasha."

"Kwenye nini?"

"Sufuria ya chai."