Tulia, Hina Itaharibika

Sogeeni mbele kidogo, ndugu zangu. Nyie mliokaa chini ya feni nawaona mmeshaanza kufumba macho, na darsa sijaanza. Leo sikuwaletea masuala ya udhu. Nimewaletea mfano, na nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo asije mtu baadaye kunivuta pembeni aniulize ni nyumba ya nani. Si ya mtu. Mama zetu mlioko nyuma ya pazia, mfano huu unapita sana kwenu, na mtanisamehe.

Palikuwa na nyumba moja katika ghorofa jipya, hapa hapa pwani kwetu. Ndani mna baba, mama, na binti yao mmoja aliyekuwa ameposwa. Mwenye ghorofa alikuwa mtu wa masharti. Kila mpangaji alikuta darini, sebuleni na katika chumba kimoja cha kulala, kijisahani cheupe cha plastiki chenye taa nyekundu ndogo. Ni kengele ya moshi ile. Akawaambia, "Kila mwezi bonyezeni hiki kitufe msikie kama inalia. Betri mbadilishe kila mwaka. Na msiifunike, wala msiipake rangi." Wakasema sawa, sawa, wakatia sahihi bila kusoma, kama tunavyofanya sote.

Sasa nyumba ile ilikuwa ya watu wa udi. Mnawajua watu wa udi? Msitazamane, ni nyinyi. Alhamisi haipiti chetezo hakijazungushwa vyumba vyote, na mgeni haingii mpaka nyumba inukie. Basi siku washenga walipokuja kupewa jibu la posa, mama wa binti aliwasha makaa yakakolea, akatia udi wa kutosha, harufu ikashuka mpaka kwenye ngazi. Wageni wamefika mlangoni, wanavua viatu, wanapiga hodi, na kile kijisahani kikaanza kupiga ukelele! Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi, mtu mzima na kanzu yake na bakora yake, alishuka ghorofa tatu pekupeku. Walipomfuata chini wamrudishe, alikuwa anahema, anasema, "Mimi nilidhani ni polisi."

Mnacheka. Nami nilicheka. Lakini yule mama hakucheka, alitamani ardhi ipasuke aingie. Wageni walipoondoka akamgeukia mumewe, "Bwana wee, kile kidude kishughulikie. Kimeniaibisha mbele ya wakwe." Mume akapanda juu ya kiti na mfuko wa nailoni wa mkate, akaivisha ile kengele, akaikaza kwa raba bendi. Akaenda chumbani kwa binti, ya humo nayo akaivisha, maana nguo za harusi zitafukizwa humo humo. Zikanyamaza zote mbili, na nyumba ikakaa raha mustarehe.

Wiki ya harusi ikaingia. Chumba cha binti kilikuwa na AC, na ile AC ikawa inatoa upepo tu, baridi hamna. Na mwari akishapakwa hina na ile rangi nyeusi ya piko hatakiwi kutoka jasho, mama zetu wanajua, hina ikichuruzika kazi yote imeharibika. Kwa hiyo wakamwita fundi. Fundi akafungua kifuniko, akachomoa kile kichujio cha mbele, akakitazama kwanza huku, kisha huku.

"Mama, hii filta mmeiosha lini?"

"Kwani inaoshwa?"

Hebu nisimame hapa kidogo. Kuna vitu vingapi majumbani mwetu hatujui kwamba vinaoshwa? Tunanunua, tunafunga, tunawasha, tunapigwa na ubaridi, tunasema alhamdulillahi, basi.

Fundi akasema, "Kila mwezi, mama. Unaitoa, unaiosha kwa maji, unaianika kivulini ikauke, unairudisha. Hii imeziba kwa vumbi na masizi ya udi. Mashine inahangaika tu." Kisha akafuata waya mpaka nyuma ya kabati. Akakuta AC imechomekwa kwenye ekstensheni, pamoja na pasi, pamoja na friji ndogo ya sharbati za wageni. Akaushika ule waya, akauachia upesi. "Huu umeshaanza kuyeyuka! AC inataka waya wake mnene na soketi yake peke yake. Msiiwashe mpaka nirudi na vifaa kesho kutwa."

"Kesho kutwa? Fundi, kesho ndiyo hina!"

Fundi alikuwa anatazama juu. "Na ile kengele mbona mmeivisha kofia?"

"Ile haina adabu," akasema mama. "Sisi ni watu wa udi. Inatupigia makelele hata kwa moshi wa heri."

"Mama, yenyewe haijui moshi wa heri wala wa shari. Kazi yake ni kulia. Kazi yenu ni kwenda kutazama. Mkitaka kufukiza, fungueni madirisha, au fukizeni roshani. Lakini ivueni."

Baba akamshika fundi bega, akamsindikiza mlangoni kwa maneno mazuri. "Tutaivua, fundi, harusi ikipita." Kwa baba yule hakukuwa na jambo lisiloweza kungoja harusi ipite.

Kesho yake baada ya Adhuhuri nyumba ilijaa wanawake. Shangazi, makhalati, majirani, wote. Mwari akapakwa hina mikono mpaka kwenye viwiko, miguu mpaka kwenye magoti, na piko juu yake, maua yakapendeza kweli kweli. Halafu mikono ikafungwa nailoni, miguu ikafungwa nailoni, akalazwa kitandani. Madirisha yakafungwa. AC ikawashwa. Na ili watoto wasiingie kumgusa, somo yake, yule mama anayemfunda, akafunga mlango kwa nje, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Akaja sebuleni kula halwa na wenzake.

Chetezo kilikuwa katikati ya sebule, kinafuka. Wanawake wanafukiza nguo na nywele, wanaimba, vigelegele havikatiki.

Baada ya muda harufu ikabadilika. Mmoja akainua pua, "Huu udi wa wapi leo, mbona mkali?" Mwingine akajibu, "Huo ndio wenyewe, umekolea." Wakavuta pumzi, wakasema mashallah. Ndugu zangu, watu wazima, wenye pua zao, wameketi katika nyumba inayoungua, wanavuta moshi wa waya na plastiki, wanasema mashallah!

Binti akaita kutoka chumbani. "Mama! Kuna moshi huku!"

Mama yake akageuza uso kuelekea mlangoni, akamjibu kwa mapenzi yote ya mama, "Ni udi huo, mwanangu. Tulia, hina itaharibika."

"Mama, si udi! Unaniwasha macho! Nifungulieni!"

Shangazi akacheka, "Mwari kaanza kulia mapema. Wote tulilia, mwanangu, na leo tunao watoto." Sebule nzima ikacheka, vigelegele vikapigwa kumtia moyo. Hapo ukasikika mlango unapigwa mateke kwa ndani. Atafungua kwa mikono ipi, ikiwa imefungwa nailoni? Na angefunguaje, ikiwa ufunguo uko sebuleni? Somo akapaza sauti, "Usipige teke, mtoto we! Piko bado bichi!"

Mlango ukapigwa tena, mara mbili. Kisha kimya.

Mama yake akasema, "Haya. Ametulia."

Ndugu zangu, nilipofika hapa katika kuutunga mfano huu, nilishtuka mwenyewe nikauacha siku mbili. Nilitaka nimlete yule fundi mbio kwenye ngazi avunje mlango. Nilitaka jirani apite aone moshi dirishani. Mimi ndiye mtungaji, nani angenizuia? Lakini nikajiuliza, mara ngapi katika maisha yetu fundi amerudi kabla ya siku aliyosema? Basi nikaacha yaende yanavyokwenda.

Walikaa tena kitambo, wakaimba nyimbo mbili nyingine. Ndipo mama alipomimina sharbati ya kumpelekea mwanawe, akaomba ufunguo kwa somo. Alipoinama kutia ufunguo, moshi ukampiga usoni kupitia tundu la kitasa, glasi ikamwanguka. Walipofungua, moshi ulitoka mweusi, mzito, wakarudi nyuma wote wakikohoa. Binti alikuwa pale pale nyuma ya mlango, chini. Moto wenyewe ulikuwa haujamfikia. Ulikuwa bado upo nyuma ya kabati, kwenye ule waya. Moshi ndio uliomuua. Na darini ile kengele ilikuwa bado imevaa mfuko wa mkate.

Wanawake waliomwosha walisema hina ilikuwa imekolea vizuri sana.

Nawaona mmeinamisha vichwa. Inueni, maana sijafika ninakokwenda.

Niambieni, nani alimuua binti yule? Mmoja atasema waya. Mwingine atasema vumbi la filta. Huyu hapa mbele ananong'ona baba, aliyepanda kwenye kiti. Sawa, wote wamo. Lakini mbona mnawasahau waliokuwa sebuleni? Kengele ya kwanza waliivisha mfuko. Ya pili wakaivisha mfuko. Ya tatu ilikuwa na ulimi, ilikuwa na jina, ikaita "mama". Ile hawakuhitaji hata mfuko. Waliinyamazisha kwa neno moja, tena kwa upole! Hakuna aliyemkemea mtoto yule. Hakuna aliyemchukia. Mle ndani wote walikuwa wanampenda, na walikuwa wamekaa hatua sita kutoka alipo. Hilo ndilo lililonitia hofu mimi, kwamba mtu anaweza kufa katikati ya watu wanaompenda, kwa sababu wameshazoea moshi.

Na sisi je? Sisi tumezoea moshi gani? Mke anasema, "Bwana, hali yetu hii si nzuri, tukae tuzungumze." Tunasema tulia, mambo yatakaa sawa. Kijana anasema amechoka na dunia. Tunasema tulia, vijana wa siku hizi deko limezidi. Na jambo hili nitalisema hapa hapa msikitini, anayetaka kukasirika akasirike. Mtoto anasema, "Baba, sitaki kupelekwa kwa yule mtu." Tunamwambia nini? Tunamwambia tulia, yule ni mtu wetu. Kwa nini? Kwa sababu kumsikiliza kutatuaibisha mbele ya watu. Harufu ya ubaya imejaa nyumbani, na sisi tunavuta pumzi tunasema mashallah. Halafu mtoto ananyamaza, nasi tunafurahi! Tunaambiana, "Siku hizi ametulia." Subhanallah! Umewahi kuuliza kwa nini ametulia?

Na moyo wako mwenyewe je, ewe uliyekaa hapa? Mola ameuweka humo ndani ulie. Mara ya kwanza ulipofanya lile jambo ulilia, hukulala. Ukauvisha mfuko. Leo unalifanya hulioni hata kuwa jambo, unajiita mtu mwenye amani. Hiyo si amani, ndugu yangu.

Basi nina maombi mawili, na la kwanza msilidharau kwa kuwa ni la plastiki. Wenye AC, mwezi huu zioneni filta zenu, na AC iliyochomekwa kwenye ekstensheni iwe imezimwa leo kabla ya Magharibi mpaka fundi afike. Mwenye kengele ya moshi, panda kwenye kiti ubonyeze kitufe. Ikikupigia ukelele, mshukuru Mungu. Isipolia, usilaze mtu chumba hicho kabla hujaitia betri mpya. Ukikuta uliivisha mfuko, uuvue hata kama wakwe wako njiani, na udi ufukizwe roshani, utanukia vile vile. Asiye na kengele atafute moja, aiweke wanakolala watu. Kuihifadhi roho ni dini, nani kawaambia dini inaishia kwenye mswala?

La pili ni gumu zaidi, nami nitalianza mwenyewe. Jana wakati wa kufungua kinywa asubuhi, binti yangu mdogo alikuja akasimama mlangoni, akasema, "Baba, kuna kitu nataka nikwambie." Mimi nilikuwa nautia mfano huu maneno ya mwisho, nataka uwe mzuri, mnisifu. Sikuinua kichwa. Nikamwambia, "Tulia kwanza, mama, baba anaandika darsa."

Akasimama kidogo, akaondoka. Toka jana hajarudi kuniambia, nami sijui alikuwa na neno gani. Kwa hiyo leo mtaniwia radhi, maswali sitapokea na dua ataleta mwingine. Niachieni njia, niende nyumbani nikamuulize.