Nani Ambebee Aikande Isale

Hapo zamani, tena si za mbali, maana waliohusika wangali hai na wakiniona njiani wananikwepa, palikuwa na binti huko Machame, jina lake Aikande, umri miaka kumi na mitano. Asubuhi moja hakuamka kwenda shule. Akaacha kula, akaacha kuoga, akaacha kusema. Haikuwa malaria. Haikuwa mimba, ingawa hilo ndilo baba yake aliloliuliza kwanza.

Daktari akasema, "Hii ni sonona, ugonjwa wa huzuni. Wapo wanaozaliwa wepesi wa kuupata, na wepesi huo hurithiwa. Lakini damu peke yake haijamlaza mtoto huyu. Kuna jambo limemuumiza. Viwili hivyo vimekutana. Mleteni kila wiki, atapona."

Wakarudi nyumbani wakitazamana kwa jicho la pembeni.

Wa kwanza kushukiwa ni Bibi Ndeonansia, mzaa mama. Zamani, kabla hajamwoza binti yake, watu wa upande wa mume walikuja kuchunguza ukoo, kama desturi. Kwenu kuna kifafa? Kuna wazimu? Bibi akasema hakuna. Hakumtaja dada yake, aliyejifungia chumbani ujana wake wote.

"Mama, ulituficha," akasema Ndekirwa, babake Aikande.

"Nilificha," akajibu Bibi. "Lakini damu hiyo ninayo mimi, anayo mke wako, na tunacheka kama watu wengine. Kamuulizeni aliyekaa na mtoto."

Aliyekaa naye ni shangazi yake, Eliamani, mwenye nyumba karibu na shule. Aikande na dada yake Nsia walikaa kwake miaka miwili, mpaka Aikande alipougua. Hakuna chakula walichokula pale bila tusi: mizigo nyie, walaji wa bure nyie.

"Ulimi wangu mkali, sikatai," akasema Shangazi. "Lakini niliwatukana wote wawili, meza moja. Mbona Nsia amenenepa? Kamuulizeni aliyeombwa msaada."

Aliyeombwa ni Ndekirwa mwenyewe. Aikande alimpigia simu akilia, "Baba, nirudishe nyumbani. Nimechoka kuishi." Naye akamjibu, "Una mvulana huko, nakujua," akakata simu.

"Nilimshuku, kweli," akasema Ndekirwa. "Lakini huzuni hakuirithi kwangu, wala sikumtukana. Alinipigia akiwa ameshaumia."

Mmewasikia? Kila mmoja alisema kweli, na kila kweli ilimsukumia mwenzake mzigo. Ndiyo maana mimi siwaamini hata mmoja. Maneno yote hayo, na hakuna aliyesema nisamehe.

Ukuta ulikuwa wa mbao. Aikande alisikia yote, akasema kwa sauti iliyokauka, "Kama hakuna mwenye kosa, basi ni mimi. Hospitali siendi. Nitakwenda na atakayeniletea isale."

Isale ni lile jani refu la mipakani ambalo Mchagga aliyekosa humpelekea mwenzake kumwomba msamaha. Ukilibeba, umekiri. Nsia akatoka, akakata moja, akaliweka mezani.

Shangazi akanyoosha mkono, akaurudisha. "Nikilibeba, watasema ni mimi peke yangu."

Bibi akasema, "Nikilibeba mimi, ukoo mzima utajulikana. Wajukuu zangu wengine nani atawaoa?"

Ndekirwa akatazama dirishani kama mtu anayesubiri mgeni.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Aikande alikuwa ameketi kitandani, miguu sakafuni, akitazama ni mkono wa nani utakaolichukua jani.

Haya, semeni nyinyi, wala msimtaje mtu kwa sababu tu hamumpendi. Aliyeficha habari za damu, aliyemtia uchungu, au aliyekata simu: je, nani alipaswa kulibeba?